Ngoma Bila Mpigaji

Ukitoka Lanet kupanda barabara ya Ol Kalou, ukungu wa Dundori hukupokea kabla ya mashamba ya viazi. Watu hulala mapema, ila Jumamosi kuna baa inayokesha. Humo mwanamuziki ni mmoja: gitaa begani, kinanda juu ya kreti mbili za soda, waya uliolegea umezungushiwa utepe mweusi. Mpiga ngoma hayupo. Kinanda kinampigia, hakichoki wala hakidai nauli. Ndio mugithi, yaani treni kwa Kikuyu, na wachezaji hushikana viuno wakazunguka meza kama mabehewa.

Naanzia hapo makusudi, kuelekea wanamuziki wengine wasio na mpiga ngoma. Martin Khanja na Sam Karugu walipitia bendi za metali za Nairobi, mojawapo Lust of a Dying Breed, kisha mwaka 2019 wakaunda Duma. Mswahili husikia jina hilo akamwona mnyama wa mbio. Wao walikusudia giza, nduma ya Kikuyu. (Irabu ikiteleza kidogo, unapata nduma nyingine, magimbi ya kuchemshwa na kunywewa chai.) Walirekodi Kampala, katika studio ya lebo ya Nyege Nyege, wakiwa wawili tu: Karugu na gitaa na mitambo, Khanja na koo lake. Ngoma zote ni za mashine, zinakimbia kuliko mkono wowote. Kwa masikio yangu ni hesabu ileile ya mugithi, ila jibu linatisha.

Albamu ilitoka Agosti 2020, Korona imefunga kumbi, na sifa zikaja kutoka ng'ambo kabla ya nyumbani. Sub Pop ya Seattle, iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana, ikawatolea singo.

Mwaka 2024 Khanja, sasa Lord Spikeheart, akatoa The Adept chini ya lebo yake, Haekalu. Humo rapu na metali zinagombania maikrofoni moja. Backxwash, rapa mzaliwa wa Zambia, yumo. Khanja aliitoa albamu hiyo kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mzee wa ukoo wake, mpiganaji wa Mau Mau wa msitu wa Nyandarua, aliyefariki 2023.

Usiku mmoja nilimwekea yule mwanamuziki wa kreti simu sikioni, ikicheza muziki huo. Alisikiliza dakika nzima, uso mkavu.

"Buda," akasema, "hiyo kinanda yake ni ya aina gani?"