Mwamba Ngoma na Ngozi Yake

Mwamba ngoma, wasema wahenga wa pwani, ngozi huivutia kwake. Methali hii humsuta mwenye choyo; lakini katika nyanda za Kasulu na Kibondo, zipakanazo na Burundi, ina uzito zaidi. Kwa Warundi, ndugu wa lugha wa Waha, ingoma ni ala na ni ufalme pia.

Ngozi ya mbuzi, iliyozoeleka pwani, ni nyembamba na mlio wake mkali. Ya ng'ombe ni nene, hutoa ngurumo. Ngoma ya mwami wa Burundi, iliyochongwa katika gogo moja, iliwambwa ngozi ya ng'ombe, ikakazwa kwa vigingi.

Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na bami wa Heru na Muhambwe wakavuliwa mamlaka. Ufalme wa Burundi ukaangushwa mwaka 1966. Wenye kuivuta ngozi hawakukoma. Mwaka 2017 serikali ya Burundi iliwakataza wanawake kuzipiga ngoma hizo, ikavitaka vikundi vijiandikishe kwake.

Wakati huo mapigo yale yalikuwa yamekwisha kufika Nyarugusu, Kasulu, pamoja na wakimbizi wa mwaka 2015. Ngozi ikichakaa huwambwa nyingine, na mzinga hubaki. Kambini hapakuwa na mwami wala ikulu. Palikuwa na watu waliopoteza kwao, na ngoma waliyoiwamba waliivutia kwao wote.