Daftari la Wasukaji wa Galbet

Mwaka jana kina mama kumi na wawili wa mtaa wetu hapa Galbet waliniomba niwajazie fomu ya kusajili kikundi chao cha kusuka mikeka. Mimi ndiye mtu wa fomu huku. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, nikarudi Garissa, na tangu hapo naishi kwa kalamu: makala yakipatikana, barua za kuomba kazi yakikosekana.

Fomu iliuliza kikundi kilianzishwa lini. Wakatazamana, wakacheka. Ayeyo, nyanya yangu, akasema, "Andika: tangu ngamia."

Sikuandika hivyo, ila hakuwa anatania. Kwa Wasomali wafugaji, aqal, ile nyumba ya mviringo inayobebwa na ngamia, ni kazi ya mwanamke na ni mali yake. Msichana akikaribia kuolewa, mama yake, mashangazi na majirani huketi pamoja kwa miezi wakisuka kebed, mikeka ya kuifunika. Gome la mgunga huchunwa, hutafunwa mdomoni hadi lilainike, likawa nyuzi. Kuna anayeongoza na kuna anayejifunza, na ukisuka vibaya utaambiwa ufumue. Mikono hiyohiyo husuka haan, chombo kilichobana hadi kinahifadhi maziwa. Sasa kama hicho si chama cha mafundi, ni nini?

Chuoni niliwahi kusoma kuhusu wanawake wa London waliokwama kwenye swali kama hili. Mwaka 1884 wasanii na mafundi wa kule walianzisha chama chao, Art Workers' Guild, wanaume watupu. May Morris alikuwa akisimamia kazi ya tarizi katika kampuni ya baba yake tangu akiwa na miaka 23, lakini mlango wa chama hicho ulikuwa umefungwa. Mwaka 1907 yeye na Mary Elizabeth Turner wakaanzisha chao, Women's Guild of Arts. Wanaume walikuja kumkubali mwanamke mwaka 1964. Leo tunaijua habari hiyo kwa sababu moja tu: waliandika. Barua na majina yao yapo.

Kenya nayo ilipata Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952, mikononi mwa wake wa Wazungu na serikali ya kikoloni, vilabu vikifundisha ushonaji, upishi na malezi. Baadaye Waafrika wakakichukua, na kufikia miaka ya 1970 na 1980 vikundi vya kina mama wa Ukambani vilikuwa vikiuza vyondo hadi ng'ambo.

Na sisi? Miaka hiyohiyo Kaskazini Mashariki ilikuwa chini ya hali ya hatari, iliyotangazwa mwishoni mwa 1963, ikaondolewa 1991. Wakati wa vita vya Shifta watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na mifugo mingi ikapotea. Bila ngamia, aqal utaibebesha nani? Wengi wakaishia mjini. Halafu Novemba 1980 askari wakachoma nyumba za Bulla Kartasi, hapa hapa Garissa. Kilichosukwa, kikiwa ndani, kiliungua na paa. Kazi yetu haina jumba la kumbukumbu: mchwa huila, mvua huiozesha, moto huimaliza. Inayobaki ni mikono ya aliyefundishwa.

Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya Wasomali na kuwapa kadi yao ya peke yao. Ayeyo alikuwa malishoni. Baadaye alipoenda kuomba kitambulisho, katika ofisi ambayo siitaji, aliulizwa maswali ya ukoo hadi akachoka. Akarudi nyumbani kusuka.

Basi fika kwenye fomu yangu. Kila mwanachama: jina, sahihi, nambari ya kitambulisho. Wanawake kumi na mmoja wakatoa vitambulisho. Ayeyo, aliyewafundisha karibu wote, akatoa sindano yake ya kusukia, akaiweka mezani juu ya vile vingine. Tulicheka tena, lakini si kama mara ya kwanza.

Nilipeleka majina kumi na moja. Mahali pa tarehe ya kuanzishwa niliandika tarehe ya mkutano wa juzi yake, maana ndio uliokuwa na kumbukumbu zilizotiwa sahihi. Cheti kikatoka. Siku moja mtu akitafuta historia ya wasukaji wa Galbet atakipata hicho cheti, na atadhani walianza mwaka jana wakiwa kumi na mmoja.

Ndiyo maana nimeandika haya. Na ndiyo maana kikundi kina daftari lingine, la shule, linalokaa kwa mweka hazina ndani ya mfuko wa unga. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kuna jina la ayeyo. Nafasi ya nambari imeachwa wazi.