Waandishi wa Gombe

Mnara wa London una mtu anayelipwa mshahara ili awalishe na kuwatunza kunguru wakubwa weusi wanaoishi pale, na watalii hutoka mbali kwenda kumwona akiwa kazini. Mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika una watu ambao kwa zaidi ya miaka 60 wamefanya kazi nzito kuliko hiyo, ya kuwafuata na kuwalinda sokwe wa Gombe. Majina yao ni nadra kutajwa, hata Kigoma kwenyewe.

Jane Goodall alifika Kigoma mwaka 1960 kuwatafiti sokwe hao, wakati mji umefurika Wabelgiji waliokimbia Kongo, iliyokuwa imetoka kupata uhuru Juni 30. Yeye na mama yake, Vanne, walipiga hema katika uwanja wa gereza wakingoja kwenda Gombe. Julai 14 walishuka Gombe, takriban kilomita 16 kaskazini mwa mji, pamoja na mpishi wao, Dominic. Mama alikuja kwa sababu wakoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake. Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba Gombe palikuwa msitu usio na mtu. Sivyo. Wavuvi walipiga kambi zao ufukweni na kuanika dagaa, na Vanne akawafungulia zahanati ndogo, akiwasafisha vidonda kwa maji ya chumvi. Naamini zahanati ile iliwafungulia wageni wale milango ambayo kibali cha serikali kisingeifungua. Waliomwongoza Jane milimani siku za mwanzo ni Adolf Siwezi na Rashidi Kikwale.

Hata habari ya sokwe wa kwanza kuja kambini ililetwa na Dominic: dume mkubwa ameingia, amepanda mchikichi na kula chikichi zilizoiva. Huyo ndiye David Greybeard. Akazoea kuja, akaonja ndizi za hemani, na punde ndizi zikawa utaratibu. Zilirahisisha kazi ya kuwatazama sokwe kwa karibu, lakini pia zilileta ugomvi, kati yao wenyewe na kati yao na nyani waliokuja kugombea chakula hicho hicho. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulishaji ukapunguzwa sana. Hata hivyo, ndizi hizo hizo ziliwahi kuokoa maisha: mwaka 1966, ugonjwa wa kupooza ulipotoka kwa watu wa mkoa na kuwaingia sokwe, chanjo ilitiwa ndani ya ndizi.

Mwanafunzi mmoja wa Kimarekani alipoanguka gengeni na kufa akiwa peke yake msituni, ikaamuliwa kwamba hakuna mtafiti atakayetoka bila Mtanzania wa kuandamana naye. Vijana wa vijiji vya jirani waliajiriwa kwa ajili ya usalama, lakini muda si mrefu waliwajua sokwe kuliko watafiti walioandamana nao. Januari 1974 Hilali Matama alishuhudia jambo ambalo hakuna mtafiti aliyewahi kuliona: madume wa kundi la Kasakela walimvamia Godi, dume wa kundi la Kahama, wakamshika na kumpiga. Godi hakuonekana tena. Huo ulikuwa mwanzo wa vita iliyokwisha mwaka 1978, kundi la Kahama likiwa limetoweka.

Kabla vita hiyo haijaisha, vita ya binadamu ilivuka ziwa. Usiku wa Mei 19, 1975, watu wenye silaha kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wa kundi la waasi la Laurent Kabila, waliwateka watafiti wanne. Wote waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni waliondoka. Kazi ingeweza kufa hapo. Haikufa, kwa sababu Watanzania waliendelea kupanda milima kila asubuhi, kalamu na karatasi mkononi.

Na waliandika kwa Kiswahili. Jambo hili lingepaswa kutufanya tutembee kifua mbele. Kila siku huchaguliwa sokwe mmoja, naye hufuatwa tangu anapotoka kwenye kiota chake hadi anapojenga kingine jioni. Kila dakika 15 huandikwa alipo na walio karibu naye. Pembeni huandikwa maelezo marefu: nani kamsalimia nani, nani kanyang'anywa nyama, mama gani kamkatalia mwanawe ziwa. Sidhani kama ipo kazi nyingine ya sayansi ya viumbe iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi namna hii bila kukatika. Katika miaka ya 1990 kumbukumbu hizo zilipelekwa Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha Duke, zikatafsiriwa na kuingizwa kwenye kompyuta.

Ukaribu huo wa watu na sokwe ulikuwa na gharama, nayo haifai kufichwa. Mwaka 2002 Frodo, dume aliyezoea watu tangu utotoni, alimnyakua na kumuua mtoto mchanga wa familia ya mfanyakazi wa hifadhi. Magonjwa ya mapafu nayo yamewahi kuwashambulia sokwe. Siku hizi mfuatiliaji hukaa umbali wa mita 10 au zaidi, na anayeumwa mafua haendi msituni. Nje ya hifadhi, mradi wa TACARE ulioanza mwaka 1994 ulikubali jambo lililochelewa kukubaliwa: kilima hakiwezi kubaki na miti iwapo wanaokilima hawana kuni, maji wala mkopo. Vijiji vikatenga misitu yao na kuweka walinzi wao wenyewe.

Goodall alifariki Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91, na dunia ikamlilia kwa haki. Ninachodai kwa waliobaki ni kitu cha kushikika: nakala za yale maandishi ya Kiswahili ziwekwe Kigoma, mahali ambapo mwanafunzi wa Ujiji au Mwamgongo anaweza kuingia, kuomba ukurasa wa siku aliyovamiwa Godi, na kuusoma kwa lugha yake.