Kufuta Faili Ndani ya Kihariri: Historia Fupi Kutoka ed Hadi Vim

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika kisa hiki mjukuu ni mimi mwenyewe. Nilimhoji babu yangu, mzaliwa wa Rakai kusini mwa Uganda, kuhusu maisha ya wakulima wa kahawa enzi za ujana wake. Maneno yake yote niliyaandika kwenye kompyuta kwa kutumia Vim, kihariri cha matini kinachoendeshwa kwa amri za kibodi. Sauti niliifuta kwenye simu kwa kukosa nafasi. Miezi miwili baadaye babu alifariki.

Siku moja, nikiwa nimeifungua faili ile, niliona kuwa nakala za zamani zimejaa. Bila kutoka ndani ya Vim, niliandika amri hii: :!rm babu*. Nilisahau kwamba kinyota kile kina maana ya kila faili ambayo jina lake linaanza na neno babu. Zikafutwa zote, pamoja na ile ya asili. Sikuulizwa chochote. Lilikuja onyo tu, kazi ikiwa imekwisha, kwamba faili haipatikani tena.

Kwa nini kihariri hakikuniuliza? Nadhani jibu limo katika historia yake.

Mwaka 1969 Ken Thompson alianza kuunda mfumo wa Unix katika maabara za Bell nchini Marekani. Miongoni mwa programu zake za mwanzo kilikuwamo kihariri kiitwacho ed. Wakati huo watumiaji wengi hawakuwa na skrini. Walitumia mashine zilizochapa kila neno kwenye karatasi, polepole na kwa kelele. Kwa hiyo ed ilisema machache mno. Ukikosea, ilikujibu kwa alama ya kuuliza peke yake. Ndani yake herufi d ilifuta mistari ya matini, si faili. Kufuta faili ilikuwa kazi ya programu nyingine, yaani rm. Wasanifu wa Unix walipenda kila programu ifanye kazi moja na kuifanya vizuri.

Hata hivyo, mwandishi alihitaji njia ya kutoa amri nyingine bila kukifunga kihariri. Njia hiyo ni alama ya mshangao: kinachoandikwa baada yake hupelekwa kwenye mfumo. Kihariri hapo ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi. Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipounda vi ili watu waone matini yao kwenye skrini, alama hiyo iliendelea kutumika. Mwaka 1991 Mholanzi Bram Moolenaar alipotoa Vim, akairithi pia.

Zipo njia nyingine. Vim yenyewe inaweza kuorodhesha faili za folda. Ukiweka kishale juu ya jina na kubonyeza D, huuliza kwanza. Katika Emacs, herufi d hutia alama tu, na faili hufutwa ukibonyeza x na kukubali. Kwa hiyo tuna desturi mbili: moja humwamini mtumiaji, nyingine humuuliza. Mimi nilitumia ya kwanza nikitarajia huruma ya ya pili.

Nilitaka kuizima kompyuta. Mwenzangu anayesomea kompyuta akanishika mkono: "Ndugu yangu, usifunge! Andika :w." Nikaandika. Faili ikarudi, neno kwa neno.

Haukuwa muujiza. Tangu enzi za ed, kihariri hakigusi faili iliyo kwenye diski wakati unapoandika. Husoma nakala yake na kuiweka mahali pa muda paitwapo bafa, na mabadiliko yote hufanyika humo mpaka utoe amri ya kuhifadhi. Amri ya rm iliondoa majina ya faili kwenye diski, lakini haikuwa na uwezo juu ya bafa. Ningefunga Vim, babu angekufa mara ya pili.

Wapo wanaosema kwamba rm ni hatari na ingepaswa kuuliza kila mara. Hoja yao ina uzito, na ndiyo maana rm ina chaguo la -i, linalouliza kabla ya kufuta. Lakini ninaona kwamba mgawanyo uleule wa kazi ulioniponza ndio ulioniokoa. Kosa lilikuwa langu: nililiachia neno la marehemu nakala moja tu mahali pamoja. Mwanafunzi wa historia hapaswi kufanya hivyo.

Jambo la mwisho linanigusa kama Mganda. Ukiifungua Vim bila faili, skrini hukuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Mwaka 1994 Moolenaar aliishi mwaka mzima Kibaale, katika Rakai hiyohiyo, akijitolea katika kazi za maji na usafi kwenye kituo cha watoto. Alifariki mwaka 2023. Ujumbe ule nilikuwa nikiupita kila siku bila kuusoma. Sasa huusoma, kisha hufungua faili ya babu, ambayo leo ina nakala tatu.