Upupu, Piriton na ile namba hakuna mtu hukuuliza

Ukienda hospitali na mguu umevunjika, kuna swali utaulizwa mapema sana: kutoka 0 hadi 10, uchungu ni ngapi? Unasema 8, wanaandika 8. Sasa nenda na ngozi ambayo imekuwasha tangu Aprili. Utaulizwa umekula nini, umebadilisha sabuni gani, na kwa ile sauti ya chini, kama kwenu mnaoga vizuri. Hakuna anayeuliza ni ngapi. Unatoka na Piriton kwa bahasha ya kaki.

Mimi ni mtoto wa Embu niliyesomea Chuka, na leo nataka tuongee historia ya kitu kinachoonekana kidogo: watu walijifunzaje kupima mwasho? Usiende bado. Kuna upupu ndani ya hii stori, na kuna shamba moja la Chuka.

Tuanze mbali kiasi. Mwaka wa 1660, daktari Mjerumani kwa jina Samuel Hafenreffer aliandika kwamba mwasho ni ile hisia mbaya inayokufanya utamani kujikuna. Cheki vizuri. Hakusema upele. Hakusema wekundu, vidonda wala uchafu. Alisema kutamani. Maana yake ushahidi wote uko ndani ya mgonjwa, na hilo limewasumbua madaktari miaka zaidi ya 300, kwa sababu daktari hupenda kitu anachoweza kuona, kushika ama kupeleka maabara. Joto lina kipimajoto. Presha ina mashine. Mwasho una wewe na neno lako tu.

Kwa hivyo walifanya nini? Walijaribu kumruka mgonjwa. Mwaka wa 1973 kule Edinburgh, watafiti walilaza wagonjwa wa ngozi kwenye maabara ya usingizi na kurekodi jinsi wanavyojikuna usiku wakiwa wamelala fofofo. Mwaka wa 1975, Felix na Shuster wakatoa njia ya kuwafunga wagonjwa vifaa vya kuhesabu mwendo wa mikono na miguu kitandani, wakitumaini hesabu hiyo itakuwa kipimo cha mwasho. Wazo poa, na mpaka leo kuna watu wanalifanya kwa saa za mkononi zenye kompyuta ndani. Lakini kuna shida moja ambayo wewe unaijua bila kwenda chuo: kujikuna si kuwashwa. Unaweza kuwa unawashwa mgongo hadi machozi yanakaribia, lakini uko mbele ya darasa, ama msichana unayemtaka amekaa karibu, na mkono wako hausongi. Tena unaweza kujikuna usiku kucha na asubuhi hukumbuki kitu. Ndio maana hesabu za zile mashine mara nyingi hazikukubaliana na kile wagonjwa wenyewe walikuwa wanasema.

Njia iliyoshinda mwishowe ni ya bei rahisi hadi inachekesha. Chora mstari wa sentimita 10. Upande wa kushoto ni "hakuna mwasho", upande wa kulia ni "mwasho mbaya zaidi unaoweza kufikiria". Mgonjwa anaweka alama, unapima kwa rula. Basi. Mstari wa aina hiyo haukutoka hata hospitalini. Ulianza kutumika Marekani karibu 1921 ili mabosi wawape wafanyakazi alama, halafu wanasaikolojia wakauchukua, halafu watu wa maumivu, na watu wa mwasho wakafika mwisho kama kawaida. Siku hizi wengi wanaacha rula na kuuliza namba tu: katika saa 24 zilizopita, mwasho ulipofika juu kabisa, ulikuwa ngapi kati ya 0 na 10?

Najua unachofikiria. "7 yangu si 7 yako." Kweli kabisa. Ila hiyo namba si ya kushindana na jirani. Ni ya kujilinganisha na wewe wa mwezi jana. Ukianza na 8, ukatumia dawa wiki nne, ukafika 4, kuna kitu kimefanyika. Ukianza na 8 na bado uko 8, hiyo dawa inakula pesa ya mama yako bure.

Sasa upupu.

Ukisoma bodingi Kenya umesikia upupu, hata kama hukuwahi kuguswa nao. Ni mmea wa jamii ya maharagwe, unaotambaa, na maganda yake yana vinywele vidogo vya dhahabu. Mtu mkora akimwaga kwa blanketi yako, hiyo usiku umeisha. Kwa sayansi unaitwa Mucuna pruriens, na hilo jina la pili linatokana na Kilatini cha kuwasha. Hata wazungu walipouita jina walikuwa washaguswa.

Hapa ndipo Chuka inaingia. Kuanzia mwaka wa 2000, watafiti walikuwa na mashamba ya majaribio pale Shule ya Msingi ya Kirege, wakati huo ikiitwa Wilaya ya Meru Kusini, leo Tharaka-Nithi. Udongo wa mlimani ulikuwa umechoka na mahindi hayazai, kwa hivyo walilinganisha samadi, tithonia, kaliandra, fatalaiza, na pia mukuna. Ndio, upupu, lakini ile aina ya shambani isiyo na vinywele vikali. Unapandwa, unalimwa ndani, unarudisha naitrojeni. Wakulima wetu wakaujua kama mbolea.

Huku nyuma, tayari ndugu yake mkali alikuwa na kazi nyingine kabisa ng'ambo. Mwaka wa 1955, Walter Shelley na Robert Arthur wa Marekani walionyesha kwamba kinachowasha kwenye upupu si ule mchomo wa kinywele chenyewe. Ni protini iliyo ndani yake, wakaiita mukunaini, ambayo kazi yake ni kukata protini nyingine. Walikuwa wakichoma kinywele kimoja kimoja kwenye ngozi ya mtu na kusubiri. Kinywele kimoja kinatosha. Na kwa sababu kinatosha, ghafla sayansi ikawa na kitu haikuwahi kuwa nacho: mwasho unaoweza kuuwasha kama swichi, kipimo kilekile kwa kila mtu, halafu unamuuliza, "Sasa ni ngapi? Na sasa? Na sasa?" Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walifanya hivyo hasa na kuchapisha mwaka wa 2009: kinywele kimoja kwenye ngozi, na mtu anatoa alama ya mwasho, ya kuchomwachomwa na ya kuungua, tena na tena mpaka iishe.

Mimi hii sehemu hunifurahisha sana. Mmea ambao sisi tunaujua kama ukora wa bweni ndio uliotumika kama rula.

Na rula hiyo ilileta habari ambayo kila mtu anayenunua Piriton kwa kemisti angefaa kuijua. Kwa muda mrefu kemikali iliyojulikana kwa kuwasha ilikuwa histamini, ile inayotoka mwilini ukiumwa na mbu ama ukipata mzio wa ghafla. Piriton na ndugu zake huzuia histamini. Mwaka wa 1997 Wajerumani walipata kwenye ngozi ya binadamu neva zinazobeba mwasho wa histamini. Safi. Lakini walipoweka upupu, zilizoamka ni neva zingine. Mwaka wa 2008 ikaonyeshwa kwamba mukunaini inabonyeza kwenye seli vitufe ambavyo si vya histamini. Kumbe mwasho una barabara zaidi ya moja, na Piriton imefunga moja tu. Mwasho mwingi wa ukurutu, ule ugonjwa wa ngozi kavu inayopasuka kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, haupiti sana hiyo barabara ya histamini. Unachosaidiwa hapo mara nyingi ni usingizi, kwa sababu Piriton inalewesha.

Binamu yangu alikaa hivyo fomu wani hadi fomu thrii. Ukurutu, bodingi ya baridi, sweta ya sufi inayochoma shingo, na kila mara akipelekwa kwa daktari, ambaye hata simtaji, anarudi na vidonge vilevile. Alikuwa analala preps, analala hesabu, walimu wanasema mvivu. Miaka mitatu hakuna mtu aliandika mahali popote namba ya mwasho wake, kwa hivyo hakuna mtu angeweza kuona kwamba namba haishuki. Hiyo ndiyo kesi yangu yote, kama hujaelewa naenda wapi. Kitu kisichoandikwa hakiwezi kushindwa. Dawa inaendelea tu.

Kuna sababu nyingine hii namba inatuhusu sisi zaidi ya wengine, na ni rangi.

Vipimo vikubwa vya ukurutu vilitungwa Ulaya na Marekani. Kimoja cha 1993 kinaitwa SCORAD, kina alama 103, na 20 tu kati yake zinatoka kwa mgonjwa mwenyewe: 10 za mwasho, 10 za kukosa usingizi. Kingine cha 2001 kinaitwa EASI, na hicho hakimuulizi mgonjwa mwasho hata kidogo. Alama zingine zinatokana na macho ya daktari, na kitu kimojawapo anachotafuta ni wekundu. Wekundu! Kwa ngozi ya nani? Ngozi ya mtu wa Runyenjes ikichafuka haiwi nyekundu kama nyanya. Inakuwa nyeusi zaidi, ya zambarau, ya kijivu, ina vinundu. Mwaka wa 2002 Ben-Gashir na Hay walichapisha utafiti wa watoto nchini Uingereza wakaonyesha kwamba alama za wekundu zinaficha ugonjwa kwa watoto weusi: ukirekebisha hesabu hiyo, mtoto mweusi alikuwa na uwezekano wa karibu mara 6 zaidi wa kuwa na ukurutu mkali. Yaani walikuwa wagonjwa sana na karatasi ikasema wako sawa.

Ukiniuliza, namba ya mwasho ndiyo sehemu ya kipimo isiyojali rangi. 9 ni 9.

Afrika Mashariki pia tumeshaona gharama ya kutouliza. Usubi, ugonjwa wa upofu wa mtoni unaoenezwa na inzi wadogo weusi, ulikuwa Nyanza na Magharibi mwa Kenya. Kuanzia miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwaga DDT mitoni kuua wale inzi, na ikafaulu. Walichokuwa wanahesabu ni inzi, vijidudu kwenye vipande vya ngozi, na vipofu. Kwingineko Afrika iliendelea hivyo kwa miongo: ugonjwa wa macho. Ni miaka ya 1990 ndipo watafiti walikaa na watu vijijini na kuwauliza habari ya ngozi. Matokeo ya sehemu saba katika nchi tano, Uganda na Tanzania zikiwemo, yalipotoka mwaka wa 2002, kuwashwa kulikuwa kwa asilimia 42 ya wenye miaka 20 na zaidi. Watu hawalali, hawalimi, wanajikuna kwa mawe na vijiti, na ugonjwa unaitwa wa macho. Mpango mkubwa wa Afrika wa kupambana na usubi, ulioanza 1995, ulipata nguvu kwa sababu hatimaye mwasho ulikuwa na hesabu. Mwasho usio na hesabu haupati bajeti.

Na si lazima uwe mtu mzima ndio uhesabike. Kule Kilifi, watafiti wa funza walichukua orodha ya maswali 10 iliyotungwa Cardiff mwaka wa 1994, ambayo swali lake la kwanza kabisa ni kuhusu mwasho na maumivu ya wiki iliyopita, wakaibadilisha iwafae watoto wa kijijini: unalala? unaona aya? unaweza kusikiza mwalimu? Walichapisha mwaka wa 2018. Watoto walijibu vizuri tu. Kwa hivyo ile hadithi ya ati "wagonjwa wetu hawawezi kuelewa hizo skeli" naikataa.

Kinachobaki kigumu kweli, na hapa nataka msaada wenu, ni maneno. Ule mstari unasema "mwasho mbaya zaidi unaoweza kufikiria". Kwa Kiswahili cha hospitali hiyo sentensi imekaa kama mtihani. Shosho wa Kiritiri ama mzee wa Mikinduri akiulizwa hivyo atajibu "inawasha sana tu". Anahitaji mwisho wa mstari anaoujua kwa mwili wake. Mimi naona 10 ingeitwa upupu. 0 ni ngozi imenyamaza, 10 ni upupu kwa shingo na huna maji. Kila mtu anaelewa, na kisayansi hatujadanganya, kwa sababu hata maabara zenyewe zinatumia huo huo.

Sasa wewe wa Igembe, wa Imenti, wa Tharaka, wa Mbeere, muulize shosho wako kwa lugha ya nyumbani: mwasho wa kuzidi yote unaitwaje? Mwasho wa kuumwa na mbu una neno lake tofauti? Niandikie hapa chini na useme ni la wapi. Na kama kuna ngozi inakuwasha sasa hivi, andika pia namba ya leo kwa simu yako, ya pale ilipofika juu kabisa, halafu ya kesho, na uende kwa daktari nazo zote.