Ndama Aliyepita Kwetu

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, pana banda la mbao lenye nafasi ya ng'ombe watatu. Kihamba chote hakifiki ekari mbili, na ndani yake kuna migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya wazee wetu. Lakini maziwa ya banda lile yamesomesha watoto watano na wajukuu kadhaa, na kila Jumapili chupa moja huenda kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada. Watoto wa siku hizi wanadhani ng'ombe wale walinunuliwa. Hawakununuliwa, na naandika ili habari yao isipotee.

Wachaga wamefuga ng'ombe ndani tangu zamani. Vihamba viligawanywa kwa wana, kizazi baada ya kizazi, hata pasibaki mahali pa kuchungia. Akina mama walishuka tambarare kukata majani na kupanda nayo kichwani. Mashina ya migomba yalikatwakatwa yakawa chakula cha mnyama, na samadi ikarudi kwenye migomba na kahawa. Ila ng'ombe wa kienyeji alitoa maziwa kidogo. Ndama akishanyonya, yaliyobaki yalikuwa ya wagonjwa na watoto wadogo.

Ng'ombe wa maziwa tulionao leo walitokana na wazo lililozaliwa mbali na mlima huu. Mwaka 1937 Hispania ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mkulima wa Marekani aitwaye Dan West, muumini wa Church of the Brethren, kanisa linalokataa vita, alikwenda huko kuhudumia wenye njaa. Aligawa maziwa ya unga. Maziwa hayakutosha, na ilibidi kuamua nani apewe na nani akose. Akaona kwamba kikombe cha maziwa kinaisha siku hiyo hiyo, lakini familia yenye ng'ombe inaweza kujilisha yenyewe.

Aliporudi kwao Indiana aliwaeleza wakulima wenzake, na kanisa lake likaunga mkono. Mwaka 1944 mitamba 17 walipelekwa Puerto Rico. Aliyepokea mtamba hakumlipa aliyempa. Alitakiwa kumtoa ndama jike wa kwanza kwa mhitaji mwingine, ili naye awe mtoaji.

Kazi hiyo, ambayo leo inaitwa Heifer International, ilifika Tanzania katika miaka ya 1970, na makanisa yakawa miongoni mwa walioipokea. Mipango ya namna hiyo watu wetu waliipa jina lao: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe.

Bibi aliandikwa kwenye orodha katika miaka ya 1980. Kwanza alitakiwa kujenga banda, kupanda majani ya tembo na kuhudhuria mafunzo. Kisha mtamba akaja, akazaa, na ndama akawa jike. Nyumba nzima ilishangilia, mpaka tulipoambiwa nani anafuata kwenye orodha. Alikuwa jirani wa chini, ambaye babu hakuwa amesalimiana naye kwa miaka mingi kwa sababu ya mpaka wa kihamba.

Wakati huo huo ng'ombe wetu akapata ugonjwa wa kiwele, na chuchu mbili zikakauka. Babu akasema, "Ndama huyu haondoki hapa. Mama yake akifa, tutabaki na nini?"

Bibi akamjibu, "Mzee, huyu si wetu. Amepita tu kwetu."

Babu alikaa kimya siku tatu. Siku ya nne alfajiri alikwenda mpakani, akachuma jani la isale. Kwa Wachaga isale ndiyo mmea unaoonyesha mpaka, na ndiyo jani la kuombea msamaha. Aliyeletewa isale hakatai. Mmea uliowagombanisha ndio alioubeba mkononi, na mkono wa pili ukashika kamba ya ndama. Jirani alipokea jani kwanza, kisha kamba.

Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Nyumba zilizotegemea kahawa peke yake zilikosa ada. Kwetu maziwa ndiyo yaliyolipa. Bibi na mke wa jirani walipokezana kubeba ndoo kwenda kuuza, huyu leo, yule kesho. Na kila ng'ombe wetu alipokuwa hakamuliwi, akisubiri kuzaa, chupa ililetwa jioni kutoka nyumba ya chini. Hakuna aliyeiandika popote kuwa deni.

Ndugu msomaji, soma tena habari za mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17. Kwa muda mrefu mimi niliutazama muujiza wa unga usiopungua. Sasa naangalia kilichotangulia: Eliya alimwomba amtengenezee yeye mkate kwanza, kabla ya mtoto wake, na pipa lilikuwa na konzi moja tu. Kutoa tukishashiba si kazi kubwa. Mama yule alitoa kabla hajajua kama kesho atakula, na babu yangu alimfungua ndama huku mama yake akiwa mgonjwa.

Babu na bibi wamelala sasa kati ya migomba. Mwezi uliopita banda lilipata ndama jike. Deni letu lililipwa zamani, na hakuna orodha inayotudai. Hata hivyo, Jumapili baada ya ibada nilimsikia mama akimuuliza mzee wa kanisa ni nyumba gani katika jumuiya yetu haina ng'ombe.