Mkunazini: Soko, Madhabahu na Matbaa

Wako Wakristo wenzangu wanaosadiki kwamba Kanisa la zamani lilikuwa safi, mbali na siasa na biashara, na kwamba ni vyombo vya siku hizi, simu ambazo watu husomea Zaburi na kutolea sadaka, vilivyouingiza ulimwengu patakatifu. Hoja hiyo mtu akiipeleka Mkunazini, Unguja, kwenye kanisa kuu lililojengwa katika kiwanja cha soko la watumwa, haitavuka kizingiti cha mlango, kwa maana pale hakuna jiwe lisilo na fungu lake la dola, la fedha na la ufundi.

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikaangusha mikarafuu isiyo na hesabu, na wenye mashamba walikuwa wangali wakiitazama hasara yao, tena wakihitaji mikono ya kupanda upya, alipofika Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, mwezi wa Januari 1873 na mapatano ya kuikomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, akakataa, maana kukubali kulikuwa ni kuikata riziki ya raia wake wakubwa na kuipunguza hazina yake mwenyewe. Lakini balozi John Kirk alipomwonya kwamba manowari za Kiingereza zitakizingira kisiwa, akatia sahihi tarehe 5 Juni, na soko likafungwa. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale. Mimi namshukuru Mungu kwa kufungwa kwa soko lile, wala sioni haya kusema kwamba lilifungwa kwa mizinga iliyoelekezwa bandarini, na kwamba dola iliyoleta mizinga ile haikuileta kwa ajili ya Injili peke yake.

Mjenzi alikuwa Edward Steere, aliyekuwa mwanasheria kabla ya kuwa padri, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana, akawa askofu mwenyewe mwaka 1874. Nyumba za mawe za pwani hii hupimwa kwa boriti: urefu wa mti wa mkoko ndio upana wa chumba, na kwa hiyo hata jumba la tajiri huwa na vyumba vyembamba virefu. Steere akaziacha boriti, akafunika kanisa lote kwa kuba ndefu kama nusu ya pipa, iliyofinyangwa kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na saruji iliyotoka Ulaya, na husimuliwa kwamba wengi walingoja kuiona ikiporomoka. Haikuporomoka. Ibada ikafunguliwa Krismasi ya 1879. Nguzo zilizo karibu na kisima cha ubatizo zimesimama kichwa chini miguu juu, na wenyeji husema mafundi walizisimamisha hivyo askofu alipokuwa safarini. Iwapo ni kweli, nafurahi kwamba hakuna aliyezigeuza.

Walakini jengo silo kubwa la Steere. Kubwa lake ni matbaa. Vijana watano wa kwanza wa misheni walikuwa watoto waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na Sayyid Majid, Sultani aliyemtangulia Barghash, ndiye aliyewatoa wapewe Tozer. Na Steere, ambaye kazi ya chapa aliishika kwa mikono yake mwenyewe, akawafundisha vijana wa namna hiyo kupanga herufi. Ni kazi ya subira: herufi za risasi zimelala katika sanduku la vijumba, mpangaji huziokota moja moja, huzipanga mstari kwa mstari zikiwa zimegeuzwa, hata asome ukurasa kinyume kabla ya wino kuusomesha sawasawa. Sanduku lililogawanywa kwa kadiri ya Kiingereza huwa na wingi wa e, ilhali Kiswahili hula a bila kushiba, na mpangaji ambaye a zimemwishia nusu ya ukurasa hana hila ila kupiga chapa alizonazo, kuzibomoa, na kuanza tena. Kwa mikono hiyo zikatoka sala, hadithi na sura za Injili, na kijana aliyehesabiwa jana katika orodha ya shehena akawa ndiye anayehesabu maneno.

Tena Kanisa halikuwa peke yake. Sayyid Barghash, aliyezuru Uingereza mwaka 1875 na kupita Misri, akasimamisha matbaa yake mjini, ikaanza kutoa kwa Kiarabu vitabu vikubwa vya fiqhi ya Kiibadhi. Hivyo katika mji mmoja, kwa miaka ileile, kitabu cha sheria na kitabu cha sala vilitegemea wino na chuma cha namna moja. Wanaodhani chombo kipya ni mali ya dini moja, au adui wa dini zote, wangefaidika kuyatafakari hayo.

Mwaka 1888 chuo cha misheni cha Kiungani kikaanza kutoa jarida liitwalo Msimulizi, ambamo vijana waliosoma hapo na kutawanyika Magila, Masasi, Newala na kwingineko walipelekeana habari za shule, za njaa, za vita na za mchezo wa mpira. Hapo chombo kilipata mwenyewe mpya: kilichotengenezwa ili wao wasomeshwe kikawa cha wao kusimuliana, na Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, akapewa upadri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile.

Katika uchumi sifa za misheni zinapungua. Huko Mbweni, shamba lililonunuliwa mwaka 1871, waliokombolewa walipewa mahali pa kujenga na kulima, lakini mwenye ardhi alikuwa misheni, na mwenye ardhi ndiye aliyekuwa mwalimu, hakimu na mtoa ujira, mambo ambayo mtu mmoja hayachukui yote bila kuelemea upande wake. Askofu Frank Weston wa Unguja naye anaonyesha ugumu huo. Mwaka 1916 aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi kwenda bara katika Vita Kuu ya Kwanza, akitembea nao kwa miguu. Na serikali ya Kenya ilipowaagiza maofisa wake mwaka 1919 wawahimize Waafrika kufanya kazi katika mashamba ya wazungu, wakuu wengine wa misheni wakakubali kwa masharti, yeye akakataa, akaandika kijitabu cha kuishtaki Uingereza kwamba inafanya watumwa wa ardhi. Aliandika kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa London, na pengine ilipasa iwe hivyo, kwa kuwa huko ndiko ilikokuwa amri.

Bali amri ndani ya Kanisa lenyewe ilikawia kuliko chapa. Toka Majaliwa alipowekewa mikono ya upadri hata John Sepeku alipokuwa askofu mkuu wa kwanza wa Kianglikana wa Tanzania, mwaka 1970, imepita miaka 80, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mapadri na walimu Waafrika walihubiri, waliandika, walikusanya sadaka na kuzika wafu, huku barua za uhamisho wao zikitiwa sahihi na wengine.